Mfano wa Mpanzi Mikononi mwa Mfafanuzi: Uhakiki wa Matumizi ya Ufafanuzi wa Kitaalamu katika Usomaji wa Marko 4, kwa Kurejelea Kisesa, Mwanza

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna ufafanuzi wa kitaalamu wa Agano Jipya unavyoweza kutumiwa kusoma mfano wa mpanzi (Marko 4:1–20) mahali ambapo msomaji ni mkulima na methali ni njia iliyozoeleka ya kufasiri maneno ya hekima. Kisesa imechaguliwa kwa sababu ya Bujora, ambako andiko la Kikristo na sanaa ya Kisukuma vimekutana kwa zaidi ya nusu karne. Hoja kuu ni kwamba ufafanuzi una thamani pale unapotoa ushahidi ambao msomaji anaweza kuupima, na si pale unapotoa hitimisho la kupokelewa tu. Hoja hiyo inajengwa kwa masuala matatu: utaratibu wa kusia na kulima, maana ya mavuno mara mia, na nafasi ya maelezo yanayoufuata mfano. Mwishoni inaoneshwa kuwa funzo linalopatikana katika suala la tatu linawahusu pia wakusanyaji wa methali za Kisukuma.

1.0 Utangulizi

Mfano wa mpanzi umehifadhiwa katika Injili tatu, yaani Mathayo 13, Marko 4 na Luka 8, na katika zote tatu umefuatiwa na maelezo yake. Kwa sababu hiyo umezoeleka kuonekana kuwa mfano rahisi. Mbegu ni neno, ndege ni Shetani, na aina za udongo ni aina za wasikilizaji. Msomaji hubakiwa na kazi moja tu, nayo ni kujiuliza yeye ni udongo gani. Hata hivyo, wataalamu wa Agano Jipya wameubishania mfano huohuo kwa zaidi ya karne moja, na mabishano yao yanagusa karibu kila kipengele chake: tendo la mpanzi, hali ya shamba, kiasi cha mavuno, na hata asili ya maelezo yenyewe.

Pengo lililopo kati ya urahisi huo na mabishano hayo ndilo tatizo linalojadiliwa hapa. Katekista, mchungaji au mwanafunzi wa fasihi anayeishi Kisesa akipata ufafanuzi wa kitaalamu, autumieje? Yapo majibu mawili yaliyozoeleka. La kwanza humfanya mfafanuzi kuwa mwamuzi: alichosema ndicho maana, na msikilizaji hana la kuongeza. La pili humweka mfafanuzi kando kwa hoja kwamba ni sauti ya ugenini, na kwamba hekima ya wenyeji inatosha kulifungua andiko. Makala haya yanayapinga majibu yote mawili. Mbinu iliyotumika ni uhakiki wa matini: fasiri za wataalamu zinasomwa sambamba na andiko, na kisha zinapimwa kwa maarifa ya kilimo na ya fasihi simulizi ambayo ni ya kawaida katika ukanda wa Ziwa.

2.0 Kisesa, Bujora na Usomaji kwa Methali

Kisesa ipo katika Wilaya ya Magu, kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kuelekea Musoma. Hapo ndipo ilipo Bujora, mahali ambapo Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika aliyejulikana na Wasukuma kwa jina la Fumbuka, alijenga kituo chenye kanisa na makumbusho ya utamaduni wa Kisukuma. Sikukuu ya Ekaristi huadhimishwa huko pamoja na Bulabo, ambayo huambatana na mashindano ya ngoma baina ya Bagika na Bagalu. Kwa hiyo, swali la namna andiko la Kikristo linavyosomwa kwa jicho la Kisukuma si swali la nadharia tupu. Lina uwanja wake, wasanii wake na hadhira yake.

Bujora ilikuwa pia makao ya juhudi za kukusanya na kufafanua methali, nyimbo na hadithi za Kisukuma. Matunda ya juhudi za namna hiyo yanaonekana katika kazi za mapadre wawili wa Maryknoll, Donald Sybertz na Joseph Healey. Kitabu chao cha Kiswahili, Kueneza Injili kwa Methali, kilichapishwa Peramiho mwaka 1984. Kile cha Kiingereza, kinachopendekeza teolojia ya masimulizi ya Kiafrika, kilitoka Nairobi mwaka 1996. Mbinu yao ni kuioanisha methali na andiko ili methali iwe mlango wa kuingilia andiko hilo.

Uwanja wa tatu ni Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa AMECEA walizifanya kuwa kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970. Katika jumuiya hizo andiko husomwa nyumbani kwa mwanajumuiya, na wanaolijadili ni majirani. Katika utaratibu wa masomo wa Kanisa Katoliki, mfano wa mpanzi kwa toleo la Mathayo husomwa Jumapili ya kumi na tano ya Mwaka A, ambayo huangukia Julai. Kwa mkulima wa Mwanza huo ni wakati wa kiangazi. Mazao mengi yameshatolewa shambani, na kila kaya inajua msimu umeipa nini na umeinyima nini. Msikilizaji wa mfano huu, basi, anausikia akiwa na hesabu ya mavuno kichwani.

Mulokozi (1989), katika uainishaji wake wa tanzu za fasihi simulizi, anasisitiza kuwa utanzu hauwezi kueleweka nje ya muktadha wake: fanani, hadhira, tukio, mahali na wakati. Msisitizo huo unafaa kuongoza uhakiki huu, kwa kuwa mfano wa Injili ulitamkwa kabla ya kuandikwa. Ulikuwa na fanani wake na hadhira yake, na sasa una hadhira nyingine.

3.0 Ufafanuzi wa Kitaalamu: Muundo na Mamlaka Yake

Ufafanuzi wa kitaalamu una tabaka kadhaa ambazo msomaji hana budi kuzitenganisha. Tabaka la kwanza ni la miswada na tafsiri, ambamo mfafanuzi hueleza matini anayoifuata na sababu za kuifuata. La pili ni la lugha, yaani maana na matumizi ya maneno ya Kigiriki. La tatu ni la historia na mazingira: sheria, kilimo, fedha na mila za Palestina ya karne ya kwanza. La nne ni la fasiri, ambamo mfafanuzi hutamka kile anachodhani mwandishi alikusudia. Tabaka tatu za kwanza hutoa ushahidi, na ya nne hutoa hukumu. Kosa la kawaida la msomaji mwenye haraka ni kuruka moja kwa moja hadi tabaka la nne.

Historia ya usomaji wa mifano inaonesha kuwa hukumu hubadilika wakati ushahidi ukibaki. Adolf Jülicher, ambaye kazi yake ilikamilika mwaka 1899, alipinga mazoea ya kusoma mifano kama istiara, yaani masimulizi ambamo kila kipengele kina maana yake iliyofichwa. Kwake, kila mfano una hoja moja ya jumla. C. H. Dodd (1935) na Joachim Jeremias (1947) waliukubali upinzani huo dhidi ya istiara, lakini wakaikataa hoja ya jumla. Walidai kuwa mifano ya Yesu ilihusu tukio mahususi, yaani kukaribia au kuwadia kwa ufalme wa Mungu. Wafafanuzi waliofuata wameirudisha istiara kwa kiasi fulani. Anayemchukua mmoja wao kuwa ndiye mwenye neno la mwisho anachukua kituo kimoja cha safari ndefu na kukiita mwisho wa safari.

Afrika nayo imezaa ufafanuzi wake. Ule uliohaririwa na Tokunboh Adeyemo na kutolewa mwaka 2006 uliandikwa na wataalamu 70 wa Kiafrika, na umeiweka Biblia nzima katika juzuu moja. Faida ya kazi hiyo ni kwamba maswali yake yanatoka karibu na msomaji. Kikwazo chake ni kile cha kila ufafanuzi wa juzuu moja: nafasi ni ndogo, hivyo tabaka la ushahidi hufupishwa ili tabaka la fasiri lipate mahali. Msomaji anapewa jibu bila kuoneshwa njia iliyofuatwa. Kwa hiyo, uzawa wa mfafanuzi pekee hautatui tatizo linalojadiliwa hapa.

4.0 Kupanda, Kusia na Kulima

Swali la kwanza ambalo mkulima huliuliza mfano huu ni la kikazi: mpanzi gani huyu anayeweka mbegu njiani, juu ya mwamba na kwenye miiba? Jeremias alilijibu kwa kudai kuwa Palestina mbegu ilitawanywa kwanza, kisha ardhi ikalimwa juu yake. Njia ile ilikuwa imekanyagwa na wapita njia shambani na ingelimwa pamoja na shamba lote. Miiba ile nayo ilikuwa imekauka na ingefukiwa. Mpanzi hakuwa mzembe. Ushahidi wa dai hili ni pamoja na Mishna, ambayo katika orodha ya kazi zilizokatazwa siku ya Sabato (Shabati 7:2) inataja kusia kabla ya kulima, na Kitabu cha Yubile 11:11, kinachosimulia kunguru waliokula mbegu kabla haijafukiwa kwa kulima. K. D. White, katika makala ya mwaka 1964, aliutilia shaka ujumla wa dai hilo kwa kutumia maarifa ya kilimo cha kale, ambacho kilihusisha kulima zaidi ya mara moja: kabla ya kusia kwa ajili ya kuiandaa ardhi, na baada ya kusia kwa ajili ya kuifukia mbegu.

Kwa msomaji wa Kiswahili, mjadala huu unafichua jambo ambalo wafafanuzi wa Ulaya hawakuwa na sababu ya kuliona. Kitenzi cha Kigiriki katika Marko 4:3 kinamaanisha kutawanya mbegu kwa mkono. Kiswahili kina maneno zaidi ya moja kwa kazi hiyo: kupanda, ambalo ni pana, kusia, ambalo ni kutawanya mbegu, na kuatika, ambalo ni kuhamisha miche. Tafsiri zilizozoeleka zimeshika neno pana, na mhusika ameitwa mpanzi. Kwa msikilizaji aliyezoea mahindi au pamba, kupanda ni kufukua shimo kwenye tuta, kutia punje na kufukia kwa unyayo. Akiupokea mfano kwa picha hiyo, mpanzi anakuwa mtu aliyefukua mashimo barabarani. Uzembe wake unakuwa kiini cha simulizi, na mahubiri yanayofuata huwa ama ya kumlaumu au ya kumsifu kwa ukarimu usio na hesabu. Anayelijua neno kusia, au aliyewahi kutawanya mpunga jarubani, haoni ajabu yoyote. Mkono unaotawanya haulengi punje mojamoja, na pembezoni mwa shamba hapakosi njia.

Hali ya shamba nayo inahitaji ufafanuzi. Neno linalotumika katika Marko 4:5 halihusu shamba lililojaa vipande vya mawe. Linahusu mwamba uliofunikwa na udongo haba, ambao kwa nje hauna tofauti na udongo mwingine. Wasukuma wana msamiati wao wa udongo unaofuata mteremko wa ardhi: luseni, udongo wa kichanga wa miinukoni, itogolo, wenye tabaka gumu chini yake, na mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni. Kwa mtu mwenye msamiati huo, tena anayeishi kati ya majabali ya Mwanza, wazo la udongo unaodanganya kwa sura halihitaji kuelezwa. Linalohitaji kuelezwa ni kwamba andiko linazungumzia udongo wa aina hiyo. Hapa ufafanuzi na maarifa ya wenyeji vinasaidiana: ufafanuzi unarekebisha neno, na mkulima anairudishia picha uhai wake.

Mgogoro wa Jeremias na White, kwa upande mwingine, unabaki wazi. Uwazi huo una faida yake. Unamfundisha msomaji kuwa hoja kuu ya mfano haitegemei jibu moja la kilimo. Mbegu ilianguka mahali pabaya kwa sababu mkono unaotawanya haubagui, iwe ardhi ilishalimwa au la.

5.0 Mavuno Mara Mia

Suala la pili ni la uzito zaidi, kwa kuwa linagusa mfuko wa msikilizaji. Jeremias aliyaona mavuno ya thelathini, sitini na mia kuwa yanapita kiasi cha kawaida. Kwa hesabu yake, mavuno mema ya Palestina yalikuwa mara kumi ya mbegu, na yale ya wastani yalikuwa mara saba na nusu. Kwa hiyo, idadi hizo ni lugha ya eskatolojia, yaani ya mambo ya mwisho: zinaonesha wingi wa ufalme wa Mungu usiopimika. Wanaopinga wanarejea maandishi ya kale yanayotaja mavuno ya mara mia kama jambo la kusifiwa lakini lililowezekana. Varro, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliyataja kwa maeneo kadhaa, mojawapo likiwa Gadara, mji usio mbali na Ziwa la Galilaya. Mwanzo 26:12 nayo yasema Isaka alivuna kiasi hicho, kwa baraka za Mungu lakini pasipo muujiza wa kuvunja kanuni za shamba. Aidha, Injili zenyewe hazina mpangilio mmoja: Marko anapanda kutoka thelathini hadi mia, Mathayo anashuka kutoka mia hadi thelathini, na Luka anataja mia peke yake.

Msomaji wa Kisesa anaingia katika mjadala huu kwa mlango mwingine. Suke la mtama hubeba punje mamia, na gunzi moja la mahindi pia. Kwake mara mia, ikihesabiwa kwa punje, si muujiza na huenda ni kidogo. Ni lazima ufafanuzi umkumbushe kuwa zao linalozungumziwa ni ngano au shayiri, ambazo suke lake hubeba makumi ya punje. Umkumbushe pia kuwa kuna hesabu mbili tofauti: ile ya punje moja iliyoota ikakomaa, na ile ya shamba zima, ambamo mbegu zilizopotea nazo huhesabiwa. Ukiusoma mfano kwa makini, mbegu zinazozaa ni zile zilizoanguka kwenye udongo mzuri. Hasara ya njia, mwamba na miiba imeshatajwa mbali. Hivyo haielekei kuwa andiko linatoa wastani wa shamba. Msomaji anayejua kuhesabu kwa punje ana sababu ya kumuuliza Jeremias kama amelinganisha vitu vya aina moja.

Kwa nini hesabu hiyo ina uzito? Katika mahubiri yanayosikika redioni na katika mikutano ya hadhara nchini, sadaka huitwa mbegu, mtoaji huambiwa apande, na mara mia hutajwa kuwa ndiyo faida atakayorudishiwa. Usomaji huo unachukua maneno mawili ya mfano, mbegu na mia, na kuyaacha mengine yote. Ufafanuzi wa kitaalamu unaukataa kwa ushahidi wa wazi. Katika maelezo ya Marko mbegu ni neno, wala si mali ya msikilizaji. Anayepanda si msikilizaji. Msikilizaji ni udongo, na udongo haudai faida. Mavuno yenyewe ama ni ishara ya ufalme, ama ni mavuno mema ya shamba jema. Katika fasiri zote mbili si riba. Mkulima aliyeuza mbuzi wake ili apande mbegu ya namna hiyo ana haki ya kuoneshwa ushahidi huo katika lugha anayoielewa.

Hapa pia ndipo panapoonekana udhaifu wa kuchukua hitimisho bila ushahidi. Mhubiri wa mafanikio anaweza kumnukuu Jeremias kwa faida yake, kwa kuwa Jeremias naye amesema mavuno hayo yanapita kiasi. Sentensi moja ya mfafanuzi, ikitolewa katika hoja yake, inaweza kutumikia kitu ambacho hoja hiyo nzima inakikanusha. Kinga ya msomaji ni kuijua njia iliyomfikisha mfafanuzi kwenye sentensi hiyo.

6.0 Maelezo Yaliyomo Ndani ya Andiko

Suala la tatu linahusu Marko 4:13–20, ambapo mfano unaelezwa kipengele kwa kipengele. Jeremias alidai kuwa maelezo haya ni ya kanisa la mwanzo na si ya Yesu mwenyewe. Hoja yake kubwa ilikuwa ya msamiati: neno linalotajwa peke yake kwa maana ya ujumbe wa Kikristo, pamoja na istilahi nyingine za sehemu hiyo, ni lugha ya mahubiri ya mitume inayoonekana zaidi katika nyaraka. Ushahidi mwingine ulipatikana katika Injili ya Tomaso, matini ya Kikopti iliyokuwa miongoni mwa maandishi yaliyogunduliwa Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945. Msemo wake wa tisa ni mfano wa mpanzi, wenye mavuno ya sitini na mia na ishirini, na wenye funzo anayekula mbegu. Maelezo hayamo. Wapo wataalamu wasiokubaliana na Jeremias. Wanasema kuwa walimu wa Kiyahudi nao walieleza mifano yao, na kwamba Tomaso anaweza kuwa aliyaondoa maelezo kwa makusudi yake mwenyewe.

Mhakiki wa fasihi hahitaji kuamua nani alitamka maelezo hayo ili aone kinachotokea katika matini. Mfano wa aya ya 3 hadi ya 9 unaanza na wito wa kusikiliza na kuishia na wito wa kusikia. Fanani ameiachia hadhira kazi. Maelezo ya aya ya 13 hadi ya 20 yanaifanya kazi hiyo kwa niaba ya hadhira, na yanaifanya kwa kuzingatia matatizo ya jumuiya mahususi: dhiki, udhia kwa ajili ya neno, shughuli za dunia na udanganyifu wa mali. Ni ufafanuzi wa kwanza wa mfano huu tulio nao, na umo ndani ya andiko lenyewe. Hata utaratibu wa masomo ya Misa unaitambua mipaka hiyo, kwa kuwa toleo la Mathayo la Jumapili iliyotajwa linaweza kusomwa kwa ukamilifu, au kwa ufupi bila maelezo yake.

Utambuzi huu haupunguzi hadhi ya maelezo. Kwa mwamini yanabaki kuwa Maandiko, na kwa mhakiki yanabaki kuwa ushahidi wa upokezi wa mapema kabisa. Unachobadilisha ni mtazamo kuhusu ufafanuzi kwa jumla. Hakuna wakati ambapo mfano huu ulisomwa Kisesa bila mfafanuzi, kwa sababu ulifika ukiwa naye. Kwa hiyo, kumkataa mfafanuzi kwa sababu ni wa nje hakumwachi msomaji na andiko tupu. Kunamwacha na wafafanuzi asiowatambua.

7.0 Methali kama Ufafanuzi

Kwa msingi huo, mbinu ya Healey na Sybertz inaweza kuhakikiwa kwa haki. Nguvu yake ni ya kweli. Methali na mfano ni jamaa: vyote viwili ni vifupi, hutumia vitu vya kawaida, na humwachia msikilizaji hatua ya mwisho. Anayezoea kufikiri kwa methali yuko karibu zaidi na hadhira ya kwanza ya mfano kuliko msomaji anayetafuta fundisho katika kila aya. Katika hilo methali inaweza kumfundisha mfafanuzi.

Udhaifu unajitokeza methali inapofungwa na andiko moja kwa maana moja. Ichukuliwe ile ya Kisukuma isemayo, kwa Kiswahili, kuwa kuku mwenye vifaranga hamezi mnyoo. Ikitamkwa kumhusu mama aliyelala njaa ili watoto wale, ni sifa. Ikitamkwa mbele ya baba aliyeuza pamba ya kaya na kurudi mikono mitupu, ni shutuma. Maneno ni yaleyale. Fanani, hadhira na tukio ndivyo vimebadilika, kama kigezo cha Mulokozi kinavyodai. Ikiingizwa kitabuni na kuambatishwa na aya kuhusu kujitoa sadaka, matumizi moja huhifadhiwa na mengine hudhoofika. Msomaji wa kizazi kijacho, asiyeisikia methali hiyo nyumbani, ataipokea pamoja na maelezo yake kana kwamba vilizaliwa siku moja.

Hilo ndilo jambo lilelile ambalo wataalamu wanalijadili kuhusu Marko 4. Usemi uliokuwa wazi kwa matumizi mengi umepewa maelezo, maelezo yamehifadhiwa pamoja nao, na baada ya muda mstari uliovitenganisha umefifia. Chombo ambacho ufafanuzi wa kitaalamu umekitengeneza kwa ajili ya Injili, yaani kuutenganisha usemi na upokezi wake wa kwanza bila kuudharau upokezi huo, kinafaa pia kwa hazina ya methali. Mkusanyaji anayeandika mahali, wakati, msemaji na tukio la kila methali anamwachia mhakiki wa kesho kile ambacho Marko hakumwachia Jeremias.

Wasukuma wanayo methali nyingine inayogusa jambo hili moja kwa moja: nilikuonesha nyota, wewe ukatazama ncha ya kidole changu. Inaweza kuelekezwa kwa msomaji anayesimama kwenye kauli ya mfafanuzi. Inaweza vilevile kuelekezwa kwa mhubiri anayeifurahia methali hadi akasahau andiko alilokusudia kulifungua. Wala haimtaki yeyote akikatwe kidole. Usiku, anayetafuta nyota moja kati ya nyingi anamhitaji mtu wa kumwonesha.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili matumizi ya ufafanuzi wa kitaalamu katika usomaji wa mfano wa mpanzi kwa kurejelea Kisesa. Imebainika, kwanza, kuwa ufafanuzi unarekebisha picha ambazo tafsiri imezipotosha, kama ilivyo kwa kupanda na kusia, na kwamba maarifa ya mkulima yanaweza kuhuisha na hata kuhoji kile ambacho ufafanuzi umekitoa. Pili, ufafanuzi wa idadi ya mavuno unawalinda wasikilizaji dhidi ya matumizi ya mfano kama ahadi ya faida, ili mradi ushahidi wake utolewe pamoja na hitimisho lake. Tatu, mgawanyo wa usemi na maelezo yake ndani ya Marko 4 unatoa kigezo cha kuhakiki mikusanyo ya methali yenyewe.

Kwa hiyo, inapendekezwa kuwa kozi za makatekista na za wanafunzi wa fasihi ya Biblia katika ukanda wa Ziwa zifundishe kusoma tabaka za ufafanuzi, badala ya kufundisha muhtasari wa maoni ya wafafanuzi. Pili, ufafanuzi utakaoandikwa kwa Kiswahili usiwe tafsiri ya hukumu za wengine. Uweke ushahidi mezani: neno la Kigiriki, aya ya Mishna, hesabu ya masuke, na swali lililobaki bila jibu. Msikilizaji wa Kisesa aliyerudi kutoka shambani mwezi Julai ana cha kusema juu ya ushahidi wa namna hiyo. Akipewa hitimisho peke yake, hana zaidi ya kuitikia.